Lehemu na Dawa Yake: Istilahi Zinazohitaji Uangalifu

Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya maelekezo ya karakana iliyomwagiza fundi "apake lehemu, kisha aunganishe kwa joto dogo". Sentensi hiyo fupi ina makosa mawili, na yote mawili yaweza kumpotezea fundi kazi yake, au hata afya yake.

Kwanza, lehemu ni metali inayoyeyushwa ili kuunganisha vipande viwili. Kinachopakwa kabla ya moto si lehemu bali ni dawa. Metali ikipashwa moto hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya utando wa oksidi, na juu ya utando huo lehemu haitambai. Dawa huyeyuka mbele ya lehemu, huuondoa utando na kuizuia hewa. Wako wanaopendekeza neno "kiyeyushi", lakini hatuliafiki, kwa kuwa limekwisha kushika maana ya kimiminiko kiyeyushacho kitu kama maji yayeyushavyo chumvi. Sisi twapendelea "dawa ya kulehemu", na ile iliyo nzito kama uji twaiita "dawa ya rojo".

Pili, joto lenyewe si dogo. Kwa desturi ya ufundi mpaka ni nyuzi 450 za Selsiasi. Lehemu iyeyukayo chini ya hapo, kama ile ya bati na risasi, twaiita lehemu laini. Iyeyukayo juu ya hapo ni lehemu ngumu. "Joto la chini" katika lehemu ngumu ni la kulinganisha tu. Lehemu yenye fedha asilimia 56, shaba 22, zinki 17 na bati 5 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 620 hivi, ikamaliza kwenye 655.

Hapo ndipo uchaguzi wa dawa unapoanza. Boraksi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 740, yaani baada ya lehemu hiyo kwisha kumiminika, imechelewa. Kwa hiyo hutumika dawa ya rojo yenye chumvi za floridi na boroni, ambayo huanza kazi mapema zaidi. Chuma kisichoshika kutu kina utando mkaidi wa kromi, nacho huhitaji dawa kali zaidi. Alumini, ambayo yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, ina lehemu yake na dawa yake. Shaba kwa shaba huunganishwa kwa lehemu yenye fosforasi bila dawa yoyote. Lakini lehemu hiyo haifai kwa chuma, maana kiungo huwa chepesi kuvunjika.

Mfasiri asiache maonyo. Moshi wa floridi hudhuru, hivyo hewa ipite vizuri. Mabaki ya dawa hula metali, hivyo yaoshwe kwa maji ya moto. Lehemu za zamani zenye kadimi hutoa moshi wenye sumu. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2011, isipokuwa kwa kazi chache maalumu.

Basi sentensi ile twaisahihisha hivi: "Paka dawa ya rojo, kisha lehemu kwa lehemu ngumu ya joto la chini." Twawaomba walimu na wafasiri waitumie tofauti hii daima, kwani fundi hufuata lile aliloandikiwa.