Filme inaanza na karatasi

Vijana wengi wa Kamina wako na telefone yenye kamera na hadithi mukichwa: baba alienda kuchimba Kolwezi, mama akabakia na watoto. Feza njo inakosekana.

Baloji, muzaliwa wa Lubumbashi, alikataliwa senario mara mingi kule Ubelgiji. Filme yake fupi Zombies (2019) alilipa mwenyewe. Mwaka 2023, filme yake Augure ikapata zawadi ya Sauti Mpya huko Cannes.

Kuko mifuko inayosaidia, kama Image de la Francophonie na World Cinema Fund ya Berlin. Dosie inaomba muhtasari, senario, bajeti na barua ya nia, ile wanaita note d'intention. Mara mingi wanataka pia produkta mwenye kampuni.

Barua ya nia njo roho ya dosie. Usiandike tu "mateso ya wachimbaji": komisio inaisoma kila siku. Andika shimo gani, nani anangojea ku nyumba, na juu ya nini wewe njo unapashwa kuisimulia. Ku bajeti, weka bei ya kweli: treni, mafuta ya grupe, chakula. Bei ya uongo inaangusha hata hadithi nzuri.

Na yule mutu utakayemupiga filme, muombe ruhusa ya kuandikwa mbele ya kuanza.