Gemu na Mikono ya Daktari wa Upasuaji

Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo gemu ni jina jingine la uvivu. Mtoto akikutwa kwenye kibanda cha gemu pale Mbinga mjini wakati wenzake wanachuma kahawa, atajieleza mpaka jioni. Je, angejibu kwamba anajiandaa kuwa daktari wa upasuaji? Tusimcheke haraka.

Katika upasuaji wa matundu madogo, daktari hapasui tumbo kwa mkato mrefu. Hutoboa matundu machache, mengi yakiwa ya sentimita moja au pungufu, hujaza gesi tumboni ili apate nafasi, kisha huingiza kamera na vyombo virefu vyembamba. Kwa mkulima anayelima ngoro kwenye miteremko ya Umatengo, jambo hili si dogo: mshono mrefu unaweza kumgharimu msimu mzima.

Ugumu uko kwa daktari. Macho yake yako kwenye skrini, mikono iko kwingine. Picha ya kawaida haimwonyeshi vizuri kina. Tena chombo kinaegemea tundu, hivyo mkono ukienda kushoto, ncha inakwenda kulia. Waliowahi kushika mkono wa injini ya boti pale Mbamba Bay wanaijua hali hiyo: unasukuma huku, boti inageukia kule.

Mwaka 2007, Dkt. James Rosser na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya madaktari 33. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi, na walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 27.

Hapa mwanafalsafa lazima aulize: gemu ndizo zilizowapa mikono myepesi, au wenye mikono myepesi ndio waliopenda gemu? Utafiti ule peke yake hautoi jibu. Isitoshe, yalikuwa mazoezi tu, si mgonjwa mwenye damu na hofu. Kwa maoni yetu, gemu inaweza kupasha mikono moto. Haichukui nafasi ya mwalimu. (Na saa 3 kwa wiki si usiku kucha, ndugu zetu wa bwenini.)

Aristotle alisema mjenzi hupatikana kwa kujenga. Kwa daktari kijana wa hospitali isiyo na mashine za mazoezi, kuna njia ya bei nafuu: boksi lililotobolewa, simu ikiwa kamera, na punje za maharage za kuhamisha moja moja kutoka kisahani hadi kisahani, macho yakiwa kwenye skrini.