THINA IKIMWAGWA HUENDA WAPI?

Wanafunzi wenzangu, ni nani kati yetu hajapita gereji ya jua kali akaona fundi akiosha vyuma kwa petroli, kisha akaimwaga pale pale chini? Mpaka rangi naye akimaliza kuosha brashi, thina huishia mtaroni. Baada ya muda mfupi pamekauka. "Imeisha hiyo," watu husema. Je, imeisha kweli?

La, hasha! Petroli, mafuta ya taa na thina nyingi hutokana na mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Vikimwagwa, hufuata njia tatu.

Njia ya kwanza ni hewani. Petroli hugeuka mvuke upesi, mafuta ya taa polepole. Mvuke huo ukikutana na moshi wa magari, jua likiwaka, huchangia kuunda ozoni karibu na ardhi, nayo huwasha macho na kuumiza mapafu.

Njia ya pili ni tumboni mwa vijidudu. Usicheke! Udongoni mna bakteria wanaokula mafuta kama sisi tulavyo githeri. Wakipata oksijeni, unyevu, nitrojeni na fosforasi, huyageuza kuwa maji na kaboni dioksaidi.

Njia ya tatu ndiyo balaa. Kiasi kingine huzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake. Lakini benzeni iliyomo ndani ya petroli huyeyuka kidogo majini na kusafiri nayo, pengine hadi kisimani. Huko chini oksijeni ni haba, bakteria hufanya kazi kwa kujikokota, na uchafu huweza kukaa miaka mingi.

Benzeni husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Hebu piga hesabu: gramu moja tu yatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho!

Basi tufanyeje? Thina iliyotumika iachwe itulie katika mkebe wenye kifuniko. Rangi ikishuka chini, ile safi ya juu itumike tena. Mashapo yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kufunika mkebe ni rahisi kuliko kusafisha kisima.