JINA LIKAE WAPI? SOMO JUU YA SURA YA GAZETI LA MUZIKI

Somo hili ni la wanafunzi wa madarasa ya kisomo, wa Kinondoni, Magomeni, Temeke na Mbagala, na wa mbali pia. Kwa somo la leo nataka kila darasa liwe na gazeti moja mbele yake, hata la zamani, hata lile lililofungiwa maandazi. Msilisome bado. Litazameni tu.

Mwaona jina lake liko juu kabisa, kwa herufi nene. Chini ya jina pana picha kubwa, na kando ya picha yapo maneno machache ya kumvuta mtu anunue. Bei na tarehe zimejificha pembeni kwa herufi ndogo. Fungueni ndani. Maneno yamepangwa katika safu nyembamba, maana jicho likifika mwisho wa mstari mfupi halina safari ndefu ya kurudi kuutafuta mstari unaofuata. Mstari ukiwa mrefu mno, msomaji mgeni hupotea njiani akausoma mstari ule ule mara mbili. Ninyi mwalijua hilo kuliko mimi.

Mambo haya hayamo katika sheria yoyote ya nchi. Ni desturi tu, na kila desturi ilianza kwa sababu. Piteni asubuhi penye meza ya muuza magazeti. Mengine yamelaliana, mengine yamebanwa kwa vibanio juu ya kamba, na watu wamesimama wanasoma vichwa vya habari, ingawa wengi wao wataondoka bila kutoa hata senti. Gazeti lililolaliwa na mwenzake huonekana sehemu ya juu peke yake. Jina likiwa chini, nani atalijua?

Tena desturi za watu hazifanani. Waliosoma chuoni utotoni wajua kwamba msahafu hufunguliwa kutoka upande wa kulia, na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilisomwa vivyo hivyo. Basi jalada la mmoja ni mgongo wa mwingine.

Nimeanza na haya kwa ajili ya vijana wa shule moja ya sekondari huko Temeke. Walitaka kutoa gazeti lao la muziki, kurasa 16, wakaniletea mfano walioutengeneza kwa mkono. Habari kubwa ndani yake ilikuwa singeli, ule muziki wa mbio uliokulia Tandale, Manzese na mitaa ya jirani, ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika moja. Walimu wao wawili walikwisha ukataa mfano ule. Walisema hauna sura ya gazeti.

Kosa la kwanza waliloliona walimu ni jina. Vijana walikuwa wameliweka chini kabisa ya jalada, juu kidogo ya ukingo uliopambwa kwa maua. Mimi nilipoliona nilicheka kwa furaha, kwa kuwa nililitambua mara moja. Ilikuwa kanga! Pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji, pale pale ambapo kila mwanamke wa pwani hulitafuta. Je, desturi ya jina kuwa juu yavunjika bure? Hapana. Gazeti lile halikuwa la kuwekwa mezani kwa muuza magazeti. Lingeuzwa mkono kwa mkono, shuleni na majumbani. Sababu ya desturi haikuwapo, na badala yake walitia desturi nyingine ambayo wasomaji wao wameivaa tangu kuzaliwa.

La pili lilikuwa picha. Magazeti ya muziki ya nchi za nje hupenda kuweka uso wa mtu mmoja, macho yakimtazama mnunuzi. Gazeti la Rolling Stone, lililoanza San Francisco, Marekani, mwaka 1967, liliweka John Lennon katika jalada lake la kwanza, peke yake, ingawa bendi yake ya Beatles ilikuwa na watu wanne. Desturi hiyo yafaa mahali ambapo mwimbaji huuzwa peke yake. Lakini fikirini NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, au Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Pana safu ya waimbaji, pana wapiga magitaa, pana matarumbeta na saksafoni. Ukichukua uso mmoja ukaacha wengine, umedanganya kidogo. Vijana wale hawakuweka uso hata mmoja. Waliweka picha ya miguu ya wachezaji na vumbi lililotimka. Hapo pia niliwaunga mkono.

Tatizo lilikuwa ndani. Kwa kuwa singeli huenda mbio, walitaka maneno nayo yaende mbio: herufi zimeinama, nyingine zimepandiana, nyeupe juu ya weusi, bila nafasi kati ya habari na habari. Waliniambia kwamba hata wakubwa wa kazi hii wamewahi kufanya hivyo. Ni kweli. Mwaka 1994 mpangaji mmoja Mmarekani, David Carson, aliona mazungumzo na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, akayachapa yote kwa alama za mapambo badala ya herufi, katika gazeti la Ray Gun. Hakuna aliyeweza kuyasoma. Lakini vijana hawakujua kwamba maneno yale yale yalichapwa tena kwa herufi za kawaida mwishoni mwa gazeti hilo hilo. Mchezo huo ni wa watu waliokwisha kushiba kusoma. Kwenu ninyi, ukurasa wa alama zisizosomeka si mchezo. Wengine mmeishi nao miaka 40, katika barua, katika risiti, katika mlango wa zahanati.

Na fedha za uchapaji zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa mama zao, na mmoja wa akina mama hao yumo katika darasa la kisomo. Nikawaambia vijana wampe yeye mfano ule ausome. Alisoma nambari za kurasa, akasoma jina la mwanawe chini ya habari, kisha akanyamaza. Kijana yule hakuhitaji hotuba yangu.

Waliporudi, walikuwa wameacha mbio katika vichwa vya habari tu. Huko herufi zainama na kurukaruka watakavyo. Habari zenyewe zimesimama wima, nyeusi juu ya nyeupe, safu mbili kwa ukurasa. Mchapaji naye aliwasifu, kwa sababu herufi nyembamba zikiachwa nyeupe ndani ya weusi, wino hutambaa ukazila. Kuwafikiria wasomaji namna hii si jambo jipya kwetu. Jarida la Si Mchezo!, lililoanza mwaka 2003, lilitengenezwa kwa vijana walio nje ya shule, hasa wa vijijini, kwa picha nyingi na Kiswahili chepesi.

Desturi moja ambayo mimi ningependa waivunje, nao hawajaivunja, ni vichwa vya Kiingereza juu ya habari za Kiswahili. Chama cha wanawake waandishi, TAMWA, kilipotoa jarida lake mwaka 1988 kiliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad wa Unguja, na jina hilo halikuhitaji mkalimani.

Haya, sasa kazi. Chukueni karatasi moja, ikunjeni katikati mara moja. Mmepata kurasa 4. Ndiyo maana kurasa 16 ni karatasi 4. Andikeni nambari kabla ya kuikunjua: 1 mbele, 2 na 3 ndani, 4 nyuma. Sasa ikunjueni. Mwaona 4 imekaa kushoto kwa 1? Mchapaji huichapa hivyo. Juu ya ukurasa wa 1 andikeni jina la gazeti la darasa lenu, mahali mtakapochagua, na kila mmoja awe tayari kumwambia mwalimu kwa nini ni hapo. Kwaherini.