Pikapu Ikilalia Upande Mmoja: Tafuteni Chanzo Kabla ya Kuongeza Chuma

Wakulima wa skimu,

Mwenye pikapu ana msaidizi mkubwa. Gari hilo hufikisha mbolea Muhoroni na Songhor, hutoa mpunga Ahero na West Kano, na huwahisha maziwa na nyanya katika soko la Kisumu asubuhi. Lakini pikapu nyingi tulizo nazo zilinunuliwa kwa watu waliokwisha kuziongezea majani ya springi nyuma ili zibebe mzigo mzito. Gari la namna hiyo hukaa juu upande wa nyuma. Likiwa tupu huruka-ruka na kuponda nyanya, na likipakiwa mzigo mrefu hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara humwomba fundi alishushe gari lirudi kwenye kimo chake cha kiwandani. Jambo hilo ni jema. Lakini mara nyingi, baada ya kazi, gari huonekana limelalia upande mmoja, na mwenye gari huambiwa: "Tutaongeza kipande upande wa chini." Msikubali neno hilo upesi. Huenda upande ulioshuka hauna kosa lolote, na chanzo kiko pembe nyingine ya gari.

KWA NINI IWE HIVYO?

Fikirini kitanda. Mguu mmoja wa mbele ukikatwa, kitanda kizima huinama, hata upande wa miguuni ambako hakuna kilichoharibika. Chesisi ya gari ni hivyo hivyo. Ni chuma kigumu kinachounganisha pembe nne. Pembe moja ya mbele ikishuka, huivuta na sehemu ya nyuma. Fundi akiinua nyuma ili kusawazisha kosa lililoko mbele, sasa gari lina makosa mawili. Kwa macho laonekana sawa, lakini magurudumu hayabebi uzito sawasawa. Gurudumu lililobeba uzito mdogo hushika barabara kwa nguvu ndogo, na katika udongo mweusi wa Kano wakati wa mvua, breki zikikanyagwa, gari hilo laweza kugeuka upande.

1. KWANZA ONDOENI SABABU NDOGO

Kabla ya kufungua nati yoyote, tazameni mambo haya:

(a) Tairi za kushoto na kulia ziwe za kipimo kimoja na upepo sawa.

(b) Shusheni mzigo wote, pamoja na vyuma na mifuko iliyosahauliwa nyuma ya kiti.

(c) Kumbukeni tangi la mafuta. Katika pikapu nyingi limefungwa upande mmoja wa chesisi. Lita 60 za dizeli zina uzito wa kilo 50 hivi, sawa na mfuko mmoja wa mbolea.

(d) Asikae mtu ndani. Hapa Kenya usukani uko kulia, na dereva akiwa peke yake huulemea upande wake.

2. PIMENI NA KUANDIKA

Tafuteni mahali palipo sawa kabisa, kama sakafu ya saruji. Macho hudanganya, tumieni ule mpira wa maji wa fundi mwashi kuhakikisha. Sogezeni gari mbele na nyuma mita chache, kisha likandamizeni kila pembe mara mbili au tatu ili springi zikae mahali pake. Gari lililotoka kwenye jeki sasa hivi halipimwi.

Pimeni kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Mkipima hivyo tairi haihesabiwi. Kisha pimeni kutoka ardhini mpaka chesisi, kushoto na kulia, mahali palipo sawa pande zote mbili. Chesisi ikiwa sawa lakini madigadi yanatofautiana, basi yaliyopinda ni mabati tu, labda kwa ajali ya zamani, na springi hazina lawama.

Tofauti ya sentimita 1 hivi isiwasumbue. Ikizidi hapo, endeleeni.

3. JARIBIO LA JEKI

Hili ndilo jambo kubwa la makala hii. Wekeni kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Wekeni jeki mbele, katikati kabisa ya chuma kikubwa kinachopita chini ya injini kutoka upande hadi upande. Inueni mpaka magurudumu yote mawili ya mbele yaachane na ardhi kidogo tu. Sasa mbele imekaa juu ya nukta moja, haiwezi tena kuilazimisha nyuma kuinama. Pimeni nyuma.

Kwa mfano, mwanzo nyuma kushoto ilikuwa sentimita 52 na kulia 49. Baada ya kuinua mbele, pande zote ni 51. Basi springi za nyuma ni nzima. Kosa liko mbele. Lakini tofauti ikibaki ile ile, kosa liko nyuma.

Kisha fanyeni kinyume chake: kabari kwenye magurudumu ya mbele, jeki katikati ya ekseli chini ya difu, na mpime mbele. Majaribio haya mawili yakikubaliana, mmekwisha kujua mahali pa kutengeneza.

Angalieni sana: gari lililo juu ya jeki moja katikati halina uthabiti. Mtu yeyote asiingie chini yake wakati wa jaribio hili. Kazi ya chini ya gari ifanywe likiwa juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki wala mawe.

4. KOSA LIKIWA NYUMA

Hesabuni majani ya springi. Kushoto na kulia yawe na idadi moja, unene mmoja na urefu mmoja. Mara nyingi jani lililoongezwa huondolewa upande mmoja na kuachwa upande wa pili, au jani jembamba hurudishwa mahali pa jani nene.

Tazameni boliti ya katikati inayoshika majani pamoja. Kichwa chake lazima kiingie katika tundu lake kwenye ekseli. Kikikaa pembeni, springi haikai sawa na ekseli husogea.

Tazameni bushi za mpira kwenye ncha za springi. Boliti zake zikikazwa magurudumu yakiwa hewani, mpira hushikwa ukiwa umejipinda, na gari likishuka chini mpira huo hulizuia lisikae. Zilegezeni, shusheni gari, litikiseni, kisha zikazeni uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Mara nyingine dawa ni hiyo tu, wala haihitaji kununua kitu.

Yote yakiwa sawa, fungueni springi mbili na kuzilaza sakafuni bega kwa bega. Iliyochoka huonekana imenyooka kuliko mwenzake. Badilisheni zote mbili pamoja, kwani mpya na kuukuu hazikai kimo kimoja. Wakati wa kufunga, yuboliti ziwe mpya.

5. KOSA LIKIWA MBELE

Pikapu nyingi za zamani za Toyota, Isuzu na Nissan hutumia mbele fimbo za tosheni, yaani fimbo ndefu za chuma zinazobeba gari kwa kusokotwa. Kila fimbo ina boliti ya kurekebisha kimo. Msihesabu mizunguko iwe sawa kushoto na kulia, kwa kuwa fimbo mbili hazichoki sawasawa. Linalotakiwa kuwa sawa ni kimo. Zungusheni kidogo, shusheni gari, liendesheni mwendo mfupi, pimeni tena. Fimbo zikitolewa, ziwekewe alama: ya kushoto irudi kushoto na ya kulia irudi kulia.

Gari likiwa na springi za kuzunguka, badilisheni zote mbili pamoja.

6. MAMBO YASIYOFAA KABISA

Msiweke kipande cha mbao juu ya ekseli. Hupasuka, na yuboliti hulegea. Msiweke kipande cha tairi katikati ya springi. Msiruhusu springi ichomwe moto ili ishuke. Mafundi wa jua kali wa Kibuye na kwingineko hufua panga kutokana na springi kuukuu, nao wanajua vizuri kwamba chuma kilichotiwa motoni kikaachwa kipoe polepole huwa laini. Panga laini hupinda tu. Springi laini huanguka chini mkiwa njiani na mzigo.

7. BAADA YA KAZI

Breki. Pikapu nyingi zina kifaa kilichounganishwa na ekseli ya nyuma, kinachopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Nyuma ikishushwa, kifaa hicho hudhani gari limepakiwa, na magurudumu ya nyuma huweza kufunga na kuteleza kwenye mvua. Fundi akirekebishe.

Taa na magurudumu. Taa za mbele zielekezwe upya, na magurudumu ya mbele yapimwe mwelekeo, la sivyo tairi mpya italika upande mmoja.

Nati. Baada ya kilomita mia chache, yuboliti zikazwe tena.

Mzigo. Gari lililotolewa majani halibebi tena mzigo wa jana. Fuateni uzito ulioandikwa na kiwanda, na pakieni magunia sawasawa kushoto na kulia.

Vipimo vyote viandikeni katika daftari la shamba pamoja na tarehe. Mwakani gari likianza kulala tena, hamtabishana na fundi kwa macho. Mtafungua daftari na kumwonyesha ni pembe gani imeshuka, na kwa kiasi gani.