Kodi ya kijijini: ile sheria ya Sh2,500 inamlinda nani hapa Kakamega?

Kwa wageni: hapa tunachukua hoja moja inayorushwa sana kwenye mijadala ya siasa, tunaifungua tuone ndani kuna nini. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye majibu nitafuta, si kwa ubaya.

Hoja ya leo: "Wapangaji wa Kenya hawana sheria ya kuwalinda." Utaisikia redioni, utaisikia kwenye baraza. Halafu kuna yule wa upande wa pili atajibu kwamba sheria ipo, ila imezeeka haifai kitu. Wote wawili wanafikiria Nairobi. Mimi nataka tuifikirie tukiwa huku: Sichirai, Lubao, Khayega, Sigalagala. Ukipita na boda unaona safu ya vyumba vya mabati katikati ya mahindi, kamba ya nguo, choo cha shimo nyuma, na ng'ombe wa mwenye boma amefungwa pale pale.

Nani anaishi humo? Wanafunzi kama mimi, kwanza. Masinde Muliro ilipata kuwa chuo kikuu kamili 2007, na tangu hapo sisi tumezidi vitanda vya hosteli kwa mbali. Lakini si sisi tu. Kuna walinzi, mafundi, mama wa omena, walimu wapya, watu wa boda. Mjini kodi imewashinda, kwa hivyo wanalala kijijini na kurudi mjini asubuhi. Mimi nalipa Sh2,200 kwa mwezi, singo, stima ya tokeni, maji ya kisima.

Shika hiyo 2,200. Ndiyo kiini cha uzi huu.

Kenya ina sheria inayoitwa Rent Restriction Act, Sura ya 296. Ni ya 1959, kabla ya uhuru. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Ndani yake tarehe inayotumika kupimia kodi bado ni 1 Januari 1981. Ndiyo maana mtu wa Nairobi akiisikia anacheka. Nairobi utapata wapi nyumba ya 2,500? Kwa hivyo mchambuzi anaketi studio anasema sheria imekufa, mtangazaji anaitikia, tunaenda tangazo.

Lakini chumba changu ni 2,200. Cha jirani yangu ni 1,800. Sheria hiyo haisemi ni ya mji tu. Kwa mtu wa Kileleshwa imekufa. Kwa mama anayepanga Lubao, iko hai, tena inamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Sijawahi kusikia mjadala hata mmoja ambapo mtu alisema hivyo.

Na ndani yake kuna nini? Kuna tribunali ya kodi, yaani baraza la kuamua kesi za mwenye nyumba na mpangaji, lenye uwezo wa kupanga kodi halali. Kuna marufuku ya kumtoa mpangaji bila amri. Kuna adhabu kwa mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji makusudi ili ahame mwenyewe: kung'oa mlango, kukata stima, kutoa mabati. Haya yote mnayajua, mmeyaona kwa macho.

Kodi ikizidi hapo, tribunali hiyo haina mamlaka na njia inakuwa mahakama. Bado hujaachwa uchi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa muda mfupi unaweza kuwa wa mdomo, si lazima karatasi. Na kama hamkupatana muda, na unalipa kila mwezi, basi notisi isipungue mwezi mmoja. Kwa hivyo ile "kesho nisikukute hapa" haina msingi, hata kama hamkuandikiana kitu. Na mwenye ploti akitaka kushika vyombo vyako kwa sababu ya malimbikizo, kuna Sura ya 293 na kuna dalali mwenye leseni. Kijana wa boma na kufuli mpya kutoka dukani si dalali.

Sasa swali: kama yote haya yapo, kwa nini hakuna anayeyatumia huku?

Umbali ni sababu. Tribunali makao yake ni Nairobi. Mtu anayebishania Sh1,800 hawezi kula nauli na siku mbili za kazi kufuata kesi. Lakini kwa maoni yangu hiyo si sababu kubwa.

Sababu kubwa ni kwamba kijijini mwenye ploti si "mwenye ploti". Ni kukhu. Asubuhi unamwamkia, anakuuliza umelalaje, siku nyingine anakupa mrenda. Akifiwa, unachanga matanga, unabeba viti. Ukiwa mgonjwa, ni yeye atatafuta boda usiku. Utamshtaki vipi kukhu? Ukimshtaki, kijiji kizima kitakuona wewe ndiye mbaya, na chumba kingine hutapewa kuanzia hapa hadi mtoni. Mjini mpangaji na mwenye nyumba wanaunganishwa na pesa tu, kwa hivyo wakigombana ni pesa zinagombana. Huku mambo mengi yameshikana na hiyo kodi. Yanakulinda na pia yanakufunga mdomo.

Nami sitaki kumfanya kukhu kuwa shetani. Wengi wa hawa wenye ploti ni wazee wenye vyumba vinne au sita, walijenga na pesa ya miwa au pensheni. Mpangaji akitoroka usiku na deni la miezi mitatu, na ametoroka na balbu, huyo mzee hana wakili wala dalali. Na sisi wanafunzi, tusidanganyane, tunajulikana kwa hiyo tabia.

Ugumu wenyewe huanza siku mwenye boma anapofariki. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona.

Kuna ploti ya vyumba sita si mbali na kwangu. Mzee alikufa. Mwezi uliofuata wapangaji walipata ujumbe wa simu mara mbili: mtoto mmoja anasema kodi itumwe kwa namba hii, mwingine anasema ole wake atakayetuma kwa namba ile. Mjane yuko pale pale nyumbani, na yeye anataka pesa mkononi kama zamani. Wapangaji wakagawanyika, kila mmoja akamlipa aliyemwogopa zaidi. Mama mmoja anayeuza omena alimlipa mjane. Jioni alipotoka sokoni alikuta kufuli ambayo si yake. Watoto wake wawili walikuwa wamekaa kwenye jiko la jirani, sare za shule ziko ndani. Usiku huo tulilala tumebanana, na kesho yake akaenda kwa naibu wa chifu, ambaye alisema, kwa upole kabisa, "Hiyo ni mambo ya familia, wacha wakae waelewane."

Si mambo ya familia. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama, na kukusanya kodi ni kugusa mali. Anayefikiriwa kwanza kupewa barua ya usimamizi ni mjane. Kwa hivyo swali ambalo mpangaji ana haki ya kuuliza, kwa adabu, ni moja: "Pole sana kwa msiba. Nani ana barua ya mahakama?" Mpaka ijibiwe, hakuna mtoto mwenye nguvu kuliko mwenzake, na hakuna mwenye ruhusa ya kufunga mlango wa mtu.

Tatizo ni kwamba mara nyingi barua hiyo haipo, na shamba lenyewe bado liko kwa jina la babu. Hapa ndipo mada yetu inakutana na ahadi nyingine ya kila kampeni, ile ya hati miliki. Ikitajwa tunafikiria mkulima na mipaka. Hatumfikirii mpangaji, na yeye ndiye wa kwanza kufungiwa nje ndugu wanapogombana.

Tuje kwa ushuru, haraka. Nitasema "ushuru" makusudi, kwa sababu kwa Kiswahili chetu "kodi" ni ile ya nyumba na pia ile ya serikali, na nimeona kwenye baraza mtu akiahidi kupunguza kodi, nusu ya watu wakapiga makofi wakidhani ni ya nyumba.

Hoja inayosemwa: "Landilodi wanapandisha kwa sababu ya ushuru." Ushuru wa mapato ya nyumba za kupanga unaanzia mapato ya Sh288,000 kwa mwaka. Hiyo ni 24,000 kwa mwezi. Kiwango kilikuwa asilimia 10, kikashuka hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Sasa piga hesabu. Vyumba vinane vya 2,500 ni 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Haufikii mstari, ushuru huo haumhusu. Vyumba kumi na viwili ni 360,000, ushuru 27,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi na kwa vyumba: Sh187.50 kwa chumba kwa mwezi. Akikuongezea 500 akasema ni ushuru, mpe hesabu hii. Inawezekana ana sababu nyingine nzuri, saruji imepanda, mabati yamepanda. Basi aseme hiyo.

Na "kaunti ipunguze kodi za nyumba"? Haiwezi. Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti mipango na nyumba, lakini sera ya nyumba ni ya serikali ya kitaifa, na sheria ya kodi inatoka Bunge. Kitu kaunti inaweza ni kuidhinisha majengo na kutuma maafisa wa afya ya umma wakague vyoo na visima. Hilo si dogo. Ploti ya vyumba kumi yenye choo kimoja, hatua chache kutoka kisima, ni kazi yao. Ila hata hapo kuna mtego: nyumba ikifungwa kwa uchafu, anayelala nje ni wewe.

Bunge nalo lilijaribu. Kulikuwa na mswada wa wenye nyumba na wapangaji wa 2021 ambao ungeunganisha sheria hizi za zamani kuwa moja. Muda wa Bunge la 12 uliisha 2022 bila kuwa sheria. Makato ya asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, ambayo mnayajadili kila siku, ni jambo jingine kabisa. Yanajenga nyumba mpya, hayagusi mkataba wako na kukhu.

Kwa nini basi hakuna anayeharakisha? Hapa ndipo somo langu linaingia. Mwanasiasa anahesabu kura, hiyo si dhambi, ndiyo kazi yake. Huku kijijini mwenye ploti amesajiliwa kura hapa, na wanawe, na ndugu zake, na ukoo. Kwenye kiti cha mwakilishi wa wadi, boma moja lenye watu ishirini ni kitu cha kuheshimiwa. Mpangaji amesajiliwa kwao. Siku ya kura anapanda gari anaenda kupigia mtu ambaye hana uwezo wowote juu ya choo anachotumia, barabara anayopita usiku, wala taa ambayo haipo. Lurambi ina wadi sita. Sijui hata mgombea mmoja wa wadi hizo aliyewahi kusimama akasema ana ajenda ya wapangaji, na ukifikiria vizuri, angemwambia nani?

Kuhamisha kura ni haki yako na haikufanyi uache kuwa mtu wa kwenu. Mazishi yako yatabaki kule kule. Uchaguzi ujao kwa kalenda ya Katiba ni 10 Agosti 2027.

Mengine ni madogo lakini fanyeni. Lipa kwa simu, si mkononi, ili ujumbe ubaki. Ukimlipa kukhu mkononi kwa sababu hana simu, mwombe mjukuu wake aandike kwenye daftari na msaini wote. Depositi iandikwe peke yake, isichanganywe na kodi ya mwezi wa kwanza. Piga picha ya chumba siku unaingia.

Wiki iliyopita nilizunguka ploti yetu nikiuliza swali moja tu: umesajiliwa kura wapi? Watu wazima ni kumi na wanne. Busia, Vihiga, Trans Nzoia, Bungoma, Siaya, mmoja Turkana. Wawili tu ndio wa hapa, na mmoja wao ni mtoto wa mwenye ploti.