Heynckes: Kocha aliyefutwa kazi akiwa bingwa, akarejea na mataji matatu

MNAMO Mei 20, 1998, Real Madrid ilitwaa ubingwa wa Ulaya baada ya kuusubiri kwa miaka 32. Bao pekee la Predrag Mijatovic liliizamisha Juventus jijini Amsterdam. Siku chache baadaye, kibarua cha kocha aliyeleta ushindi huo, Mjerumani Jupp Heynckes, kiliota nyasi. Kosa lake lilikuwa kumaliza ligi ya Uhispania katika nafasi ya nne.

Kisa hicho chaonyesha jinsi kazi ya ukocha isivyo na dhamana, hata kwa aliyewahi kung'ara uwanjani.

Heynckes alizaliwa Mei 9, 1945, mjini Mönchengladbach, siku chache tu baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika barani Ulaya. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye watoto 10, naye mwenyewe alisomea ufundi wa kupiga lipu kabla ya kuingia katika kandanda ya kulipwa.

Akiwa mshambuliaji wa Borussia Mönchengladbach, alitwaa ubingwa wa Ujerumani mara nne, katika miaka ya 1971, 1975, 1976 na 1977, pamoja na Kombe la UEFA mwaka 1975. Alifunga mabao 220 katika mechi 369 za Bundesliga, yakiwamo aliyofunga akichezea Hannover 96. Aidha, alikuwa katika kikosi cha Ujerumani Magharibi kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974.

Mwaka 1979 alianza kuinoa klabu yake ya nyumbani, kisha akahamia Bayern Munich mwaka 1987. Alishinda ligi mara mbili mfululizo, 1989 na 1990, lakini matokeo mabaya yalipoanza kuandamana, alitimuliwa Oktoba 1991. Uli Hoeneß, aliyekuwa meneja wa klabu, alikiri baadaye kuwa uamuzi huo ulikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya kazini.

Heynckes hakuweka kinyongo. Aliisaidia Bayern kwa muda mfupi mwaka 2009, kisha akarudi rasmi mwaka 2011. Msimu wa kwanza uliishia kwa majonzi, kwani Chelsea iliwanyang'anya kombe la Ulaya kwa mikwaju ya penalti katika uwanja wao wenyewe, Mei 2012.

Januari 2013 klabu ilitangaza kwamba Pep Guardiola angechukua nafasi yake. Wengi wangevunjika moyo. Yeye aliongoza vijana wake kutwaa ligi kwa pointi 91, wakaibwaga Borussia Dortmund 2-1 katika fainali ya Ulaya uwanjani Wembley, kisha wakailaza Stuttgart 3-2 katika Kombe la Ujerumani. Hakuna klabu ya wanaume ya Ujerumani iliyokuwa imewahi kutwaa mataji hayo matatu kwa msimu mmoja.

Oktoba 2017, Bayern ikiwa pointi tano nyuma ya Dortmund, ilimwita tena kutoka mapumzikoni. Akiwa na umri wa miaka 72, aliikabidhi taji la ligi kwa tofauti ya pointi 21, kisha akastaafu. Safari hiyo, aliondoka kwa hiari yake.